Saa ya Kula, Saa ya Kulala, Saa ya Dawa: Kutibu Kiungulia Nakivale na Mbarara

Mhadhara wa wazi kwa wahudumu wa afya wa jamii, wauguzi na wananchi



Nimeombwa nizungumze juu ya kiungulia. Najua wapo wanaojiuliza kama jambo hili linastahili mkutano, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako malaria haijaisha na chakula cha mwezi hakifiki mwisho wa mwezi. Kaeni basi asubuhi moja kwenye benchi la wagonjwa wa nje, msikilize. Huyu anasema kifua kinawaka. Yule anasema maji machungu yanampanda kooni kila akilala. Mnyarwanda na Mrundi wanalalamikia ikirungurira, yaani kiungulia hichohicho. Wa nne ameshajipima mwenyewe: "Muganga, mimi nina alsa." Na wengi wao wameshameza dawa, tena dawa nzuri, wala hawajapona.

Hoja yangu leo ni moja. Kiungulia ni ugonjwa wa saa. Anayetaka kuutibu aulize kwanza mgonjwa anakula lini, analala lini, anameza dawa lini, na ni lini aache kujitibu apande gari kwenda hospitali ya Mbarara. Orodha ndefu za vyakula vya kukatazwa, na dawa ghali zaidi ya ile ya jana, huja nyuma ya maswali hayo.

Kinachotokea kifuani

Chakula kikimezwa hupita kwenye umio, mrija wa msuli wenye urefu wa sentimita 25 hivi, unaoshuka nyuma ya moyo, ukapenya kiwambo na kuingia tumboni. Penye maungio hayo pana msuli wa mviringo: hufunguka chakula kinapopita, kisha hujifunga. Tumbo hutoa asidi kali ya kulainisha chakula na kuua vijidudu. Ukuta wa tumbo umepakwa ute mzito unaoukinga na asidi hiyo. Umio haukupewa kinga ya namna ile. Msuli ukilegea, asidi hupanda na umio huungua. Ndipo mtu anapohisi moto nyuma ya mfupa wa kifua, uchachu mdomoni, au chakula kurudi kooni bila kichefuchefu chochote. Wengine moto hawausikii kabisa: wanakohoa usiku, au wanaamka asubuhi sauti imekwaruza.

Fikirini gunia la mahindi lililofungwa kwa kamba iliyolegea. Likiwa nusu, na limesimama wima, haidondoki punje. Lijazwe hadi shingoni, lilazwe chini, kisha mtu alikalie, na mahindi yatamwagika. Kujaa, kulala na kubanwa: mambo matatu hayo yakikutana, asidi inapanda. Mimba hubana tumbo, na homoni zake hulegeza msuli. Kitambi hubana. Leso iliyokazwa kiunoni nayo hubana. Sigara na pombe hulegeza. Na wapo watu ambao sehemu ya juu ya tumbo lao imepenya na kupanda juu ya kiwambo, tunaita ngiri ya kiwambo. Kwao ile kamba imelegea mchana na usiku.

Kuungua kifua siku ya harusi, baada ya pilau na soda, si ugonjwa. Tunauita ugonjwa unapokuja mara mbili au zaidi kwa wiki, au unapomnyima mtu usingizi.

Mlo mmoja wa usiku

Vitabu vya afya hutoa ushauri uleule kila mahali: kula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na usile chochote kwa muda wa saa tatu kabla ya kulala. Ushauri ni sahihi, ila umeandikiwa mtu mwenye jiko la gesi na friji. Hapa kwetu unagonga ukuta. Sikilizeni mazungumzo yangu na mama mmoja wa upande wa New Congo, aliyekuwa ameshamaliza pakiti kadhaa za dawa:

"Mama, unakula saa ngapi?"

"Mara moja tu, muganga. Usiku, watoto wakisharudi."

"Na kulala?"

"Tukimaliza kula tunalala. Taa itawaka kwa nini?"

Maelezo yake yalinitosha kujua ugonjwa unatoka wapi. Tumbo linashinda tupu, usiku linapokea sahani nzima ya posho, yaani ugali, na maharage kwa mkupuo, na nusu saa baadaye mwenye tumbo yuko chali kwenye mkeka. Wala si uzembe wake. Mnakumbuka mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipopunguza mgao wa wakimbizi Uganda hadi asilimia 70, na 2021 hadi asilimia 60. Baadaye familia zikapangwa kwa viwango vya uhitaji, na mwaka 2025 watu wapatao milioni moja nchini wakakatiwa kabisa. Kuni nazo zinatafutwa mbali, na anayewasha moto mara moja kwa siku anauwasha jioni. Ukimwambia mama huyu ale milo sita midogo, atakuitikia kwa heshima, arudi nyumbani afanye kama jana.

Basi tusimwambie aongeze chakula asichokuwa nacho. Tumwambie akisogeze kilekile. Kama moto ni mmoja, uwashwe mapema: sufuria iliyokuwa ikiiva saa mbili usiku iive saa kumi na moja jioni, kabla giza halijaingia. Watoto wakichelewa, wao wawekewe; mgonjwa ale mapema. Njia ya pili ni kugawa sahani: theluthi mbili jioni, theluthi moja ibaki ya asubuhi, ikifunikwa vizuri na kuchemshwa tena hadi itokote kabla ya kuliwa. Mwili umepata chakula kilekile, lakini tumbo halikujaa hadi shingoni. Na ikishindikana yote mawili, basi asilale papo hapo. Aoshe vyombo, aketi na jirani, atembee hadi bombani na kurudi. Kila dakika anayokaa wima, chakula kinashuka.

Ndugu zetu Waislamu, wa Kisomali na wengine, wana mwezi ambao saa za kula zinabadilika zote. Ramadhani, futari nzito iliyokaangwa na daku inayofuatwa na usingizi huwasha vifua vingi. Hapa dini yenyewe imeshafungua njia. Fungua kwa tende na maji, meza dawa yako kama unayo, swali Magharibi, ndipo ukae kula. Nusu saa ile baina ya tende na sahani ni tiba, na nitaeleza sababu yake tutakapofika kwenye dawa. Baada ya daku na Alfajiri, mwenye kiungulia asirudi kujilaza chali.

Namna ya kulala

Kati ya mambo yasiyogharimu dawa, kuinua kichwa cha kitanda ni miongoni mwa yaliyothibitika zaidi. Weka matofali chini ya miguu miwili ya kitanda upande wa kichwani, kitanda kiinuke sentimita 15 hadi 20. Kinachotakiwa ni kiwiliwili kizima kulala kwenye mteremko. Kurundika mito chini ya kichwa peke yake hukunja mtu kiunoni, na tumbo likazidi kubanwa.

Anayelala chini kwenye mkeka naye asiachwe. Gunia lililojazwa udongo au nyasi kavu, likabanwa vizuri na kuwekwa chini ya mkeka kuanzia kiunoni kwenda juu, linatoa mteremko uleule. Akishindwa hata hilo, alale kwa ubavu wa kushoto. Tumbo letu limekaa kwa namna ambayo, ukilalia kushoto, mlango wa umio unabaki juu ya asidi. Ukilalia kulia, asidi inausogelea. Ushauri huu hauna gharama hata ya shilingi moja, tena unamfaa sana mama mjamzito.

Chakula gani, na cha nani?

Sasa tutoke Nakivale twende Mbarara, mji uliopewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020. Kule kiungulia kina sura nyingine. Mtu anakaa kwenye kiti ofisini au kwenye usukani wa teksi kutwa, jioni anapitia muchomo, yaani nyama ya kuchoma, na bia mbili, anafika nyumbani saa tatu anaandaliwa tena matooke na mchuzi wa karanga, halafu kitandani. Kitambi kinakua mwaka hadi mwaka. Kwa huyu dawa ya kwanza ni kupunguza uzito. Kilo chache tu zikipungua huleta nafuu. Ya pili ni kuamua: muchomo au chakula cha nyumbani, si vyote viwili usiku mmoja.

Zamani haikuwa hivi. Daktari Denis Burkitt, aliyekuja Uganda mwaka 1946, akafanya upasuaji Lira na baadaye Mulago, aliona kwamba ngiri ya kiwambo na magonjwa mengine aliyoyazoea Ulaya hakuyakuta sana kwa wagonjwa wake wa vijijini. Mwaka 1973, akiwa amesharudi Uingereza, yeye na mwenzake walichapisha katika jarida la Lancet hoja kwamba chakula chenye nyuzinyuzi kidogo husababisha kinyesi kigumu, mtu hujikamua chooni, na nguvu ile husukuma tumbo kwenda juu. Hoja hiyo haikufunga mjadala, lakini ina mafunzo mawili. Kwanza, maharage, mboga za majani, viazi vitamu na mtama hazistahili kufukuzwa mezani kwa kisingizio cha kiungulia. Pili, nyakati zimebadilika: mwuguzi asimwambie mgonjwa wa kijijini kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Kuhusu vyakula vyenyewe, huwa naulizwa nitoe orodha. Mafuta mengi huchelewesha tumbo kumaliza chakula, kwa hiyo mandazi, chapati za kukaanga na mchuzi wa samli wa eshabwe huwasumbua wengi. Pilipili na nyanya huuchoma umio ulioungua tayari. Kahawa, soda, na pombe kama waragi na tonto huwasha baadhi ya watu. Mairungi, yaani miraa, nayo hulifanya tumbo lichelewe kumaliza chakula. Lakini si kila mtu anaudhiwa na kila kitu. Hapa Nakivale, ukimkataza mtu maharage umemkataza protini yake yote. Kanuni ni hii: ondoa kitu kimoja kwa wiki mbili. Ukiona nafuu, kiache au kipunguze. Usipoiona, kirudishe mezani, ujaribu kingine. Mgonjwa anayekataa vyakula kumi kwa pamoja hajui kilichomponya, na ameshaanza kukonda.

Dawa na saa zake

Dawa za kiungulia ziko za makundi matatu, na kila kundi lina saa yake.

Kundi la kwanza ni vidonge vyeupe vya kutafuna vya magnesiamu, pamoja na zile dawa za maji nzito kama uji. Hizi huzima asidi iliyokwisha kutoka. Hufanya kazi ndani ya dakika chache, lakini kwenye tumbo tupu hazidumu zaidi ya saa moja hivi. Zikitumiwa saa moja baada ya kula hudumu zaidi, kwa sababu chakula huzizuia tumboni. Kwa hiyo zitafunwe baada ya chakula na wakati wa kulala. Magnesiamu nyingi huharisha.

Kuna onyo nataka liandikwe kwenye kila daftari. Vidonge hivi hunasa dawa nyingine tumboni zisiingie mwilini. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu aviachanishe navyo kwa saa mbili au zaidi. Antibayotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini nazo huzuiwa. Na wenzetu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU zenye dolutegraviri, ambazo ndizo wengi nchini wanazo, wazimeze saa mbili kabla ya dawa hizi za asidi, au wasubiri saa sita baada yake. Mtu anaweza kumeza ARV zake kila siku bila kukosa, na bado zikawa hazifiki kwenye damu inavyopasa kwa ajili ya kidonge cha kiungulia alichotafuna dakika hiyohiyo. Wahudumu, ulizeni.

Kundi la pili hupunguza utoaji wa asidi. Lilianza na simetidini, iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 1976 kutokana na kazi ya James Black, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ndugu yake ranitidini ilitumika sana huku kwetu, mpaka mwaka 2019 ilipogundulika kuwa na kemikali inayotiliwa shaka ya saratani, na mwaka 2020 Marekani ikataka iondolewe madukani. Mwenye akiba ya zamani nyumbani asiitumie.

Kundi la tatu ndilo lenye nguvu zaidi: omeprazoli na jamaa zake. Omeprazoli ilianza kuuzwa Sweden mwaka 1988. Leo ni kapsuli ya bei nafuu, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Ukuta wa tumbo una pampu ndogondogo za asidi. Tumbo likiwa tupu, nyingi zimelala. Chakula kikiingia huamka. Omeprazoli hufunga pampu iliyo macho tu, na yenyewe haikai kwenye damu zaidi ya saa chache. Kwa hiyo humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, ili pampu ziamke na kuikuta inazingoja.

Sasa turudi kwa mama wa mlo mmoja. Pakiti yake imeandikwa "1×1", na ameambiwa ni asubuhi. Anameza saa moja asubuhi, hali chochote mpaka usiku. Pampu zinaamka saa mbili usiku, dawa imeshaondoka zamani. Anarudi kusema dawa ni feki. Dawa si feki. Yeye anatakiwa aimeze jioni, sufuria ikiwa bado jikoni. Hii ndiyo sababu nilisifu ile nusu saa ya futari.

Yako mengine matatu ya kushika. Omeprazoli si dawa ya maumivu ya kumezwa siku ya moto na kuachwa kesho yake. Hukamilisha nguvu zake baada ya siku kadhaa, na dozi ya kawaida ni wiki 4 hadi 8. Kapsuli isisagwe wala punje zake zisitafunwe, kwa kuwa kila punje imefunikwa isiharibiwe na asidi yenyewe. Na mtu asiimeze miaka nenda miaka rudi bila kuonana na mganga: matumizi marefu yamehusishwa na upungufu wa vitamini B12 na magnesiamu, na baadhi ya maambukizi ya utumbo. Akiiacha ghafla baada ya muda mrefu, asidi hurudi kwa kishindo kwa wiki kadhaa, naye hudhani ugonjwa umezidi. Apunguze taratibu: siku ya kumeza, siku ya kuruka, na vidonge vya kutafuna vimsindikize.

Watoto wachanga wanaocheua maziwa, na huku wananyonya na uzito unapanda, hawahitaji kapsuli hata moja. Wengi huacha wenyewe kabla au karibu na mwaka mmoja na nusu. Mama ambebe wima baada ya kunyonya, basi.

Maziwa, magadi na udongo

Nchi hii ya Ankole ni nchi ya maziwa, na wazee wengi wataagiza kikombe kimoja. Maziwa hupoza kweli, kwa muda mfupi. Kisha protini na kalsiamu yake huliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Kikombe cha saa kumi jioni ni chakula kizuri, cha saa nne usiku kinaweza kukuamsha saa nane.

Magadi nayo huzima asidi, ila yana chumvi nyingi ya sodiamu. Mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa moyo au figo, na mama mjamzito wayaache. Udongo ambao akina mama huutafuna wakati wa mimba unaweza kupoza kifua, lakini hunasa madini ya chuma na kuleta upungufu wa damu, na mara nyingine huja na mayai ya minyoo. Mama huyo asigombezwe. Apewe kidonge cha kutafuna, afundishwe kulalia kushoto, na apimwe damu.

Si kila moto ni asidi

"Nina alsa", yaani nina vidonda vya tumbo, limekuwa jina la kila maumivu kuanzia kitovuni hadi kooni. Lakini vidonda vya tumbo ni kitu kingine. Maumivu yake hukaa zaidi chini ya kifua, katikati ya tumbo, na husababishwa sana na mambo mawili. La kwanza ni bakteria Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimhusisha na vidonda. Marshall alimnywa mwenyewe mwaka 1984 ili kuwashawishi waliobisha, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. La pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Aliyebeba madumu na kulima kutwa, mgongo ukamuuma, akameza diklofenaki siku baada ya siku, huyo anajitengenezea kidonda.

Kipimo cha bakteria huyu nacho kina saa yake. Kile cha damu hutafuta kumbukumbu ya maambukizi, na huweza kubaki chanya miaka mingi baada ya mtu kupona. Ndiyo maana wapo waliotibiwa mara tatu kwa ugonjwa uliokwisha mara ya kwanza. Cha kinyesi ni bora, lakini mgonjwa awe ameacha omeprazoli kwa wiki mbili na antibayotiki kwa wiki nne, la sivyo kinaweza kudanganya. Akiwa naye kweli, hutibiwa kwa omeprazoli pamoja na antibayotiki mbili, kwa kawaida siku 14 bila kuruka. Na ajue mapema kwamba kumwua bakteria huponya kidonda, wala hakukazi ule msuli wa umio.

Kisha kuna moyo. Maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda begani, mkononi au tayani, yenye jasho jembamba na kukosa pumzi, hayangoji kidonge cha kutafuna. Hayo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Saa ya kwenda Mbarara

Nani aache kujitibu? Anayetapika damu. Anayepata choo cheusi kama lami, ilhali hamezi vidonge vya damu, ambavyo navyo hukifanya choo kiwe cheusi. Anayekonda bila sababu. Anayetapika kila siku. Aliyepungukiwa damu. Mtu wa umri mkubwa ambaye hakuwahi kuugua hivi na sasa ameanza. Na zaidi ya wote, yule ambaye chakula kinamkwama.

Hapo kwenye kukwama nasimama. Uganda imo katika ukanda wa Afrika Mashariki, unaoshuka kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambamo saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi duniani. Aina iliyozagaa huku haitokani hasa na kiungulia. Imehusishwa na tumbaku, pombe, na vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Chai ya maziwa, chai ya Kisomali, uji wa kutoka jikoni: hakuna anayewaambia muache. Mimina kikombeni, zungumza kidogo, ndipo unywe.

Saratani hiyo hujificha nyuma ya jina la alsa. Inaanza posho inapokwama, na mgonjwa anaisukuma kwa maji. Baadaye matooke laini yanakwama, kisha uji, mwisho hata mate. Kwa wengi miezi hiyo yote huishia kwenye pakiti za omeprazoli. Muulizeni kila mwenye kiungulia: "Chakula kinashuka vizuri?" Akisema posho inakwama, msimpe dawa ya kujaribu. Mwandikieni rufaa siku hiyohiyo. Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mbarara, ambayo ndiyo hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989, hufanyika endoskopi: kamera nyembamba hupitishwa mdomoni, daktari akauona umio wenyewe na kuchukua kipande cha kupima. Nauli ni mzigo, najua. Lakini nauli ya kwenda wakati posho inakwama ni ileile ya kwenda wakati mate yanakwama; tofauti ni kile ambacho daktari ataweza kukufanyia.

Wachache ambao dawa zimewashinda hufanyiwa upasuaji wa kuzungusha sehemu ya juu ya tumbo kuzunguka umio ili kukaza ule mlango. Upasuaji huo unaitwa kwa jina la Rudolf Nissen, na katika makazi haya, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda, habari zake zinafaa kujulikana. Nissen alikuwa Myahudi wa Ujerumani. Mwaka 1933, utawala wa Hitler ulipoingia, aliacha kazi Berlin akakimbilia Uturuki, na chuo kikuu cha Istanbul kikampa uongozi wa upasuaji. Huko, katika miaka ya 1930, alimpasua mgonjwa mmoja mahali hapo umio unapokutana na tumbo, akakunja tumbo kuufunika mshono, na baada ya miaka akasikia kwamba mgonjwa yule hasumbuliwi na kiungulia. Alilichukua wazo hilo hadi Marekani, na kutoka huko hadi Basel, Uswisi, na mwaka 1956 akaichapisha njia yake. Wazo lililoponya watu duniani kote lilizaliwa katika mikono ya mkimbizi, katika nchi iliyompa nafasi ya kufanya kazi yake.

Ombi langu

Nimalizie kwa ombi kwa wanaotoa dawa, wa vituo vya hapa na wa maduka ya Mbarara. Ile alama ya "1×1" kwenye pakiti haitoshi. Wala msiandike saa ya ukutani, maana kati yetu wapo wanaohesabu saa kwa kufuata jua na wapo waliozoea hesabu ya Kifaransa au ya Kiingereza. Andikeni kwa chakula: "nusu saa kabla ya kula," "saa moja baada ya kula," "mbali na dawa nyingine." Kwa asiyesoma, chora sahani na kidonge, kidonge kikitangulia. Na kabla ya kuandika chochote, ulizeni maswali matatu: unakula lini, unalala lini, chakula kinashuka? Hayahitaji maabara wala umeme, na yanamalizika kabla mgonjwa hajafungua vifungo vya shati.

Maswali yaanze kwa akina mama, kwa sababu saa ya chakula nyumbani wanaipanga wao.